Mara Tatu, au Mara Tatu Zaidi?

SWALI: Msomaji wa Ujiji, Kigoma, ambaye mwanawe yuko darasa la sita, ameandika: "Mtoto alipewa hesabu ya kugawa lita 20 za mawese kwa watu wawili kwa uwiano wa 1:3. Nilimwambia kuwa wa kwanza anapata theluthi na kwamba wa pili anapata mara tatu zaidi ya mwenzake, lakini mwalimu akamwekea kosa. Je, moja kwa tatu na theluthi moja si kitu kimoja?"

JIBU: Si kitu kimoja, na mwalimu hakukosea. Uwiano hulinganisha fungu na fungu, ilhali theluthi hulinganisha fungu na jumla. Katika 1:3 mafungu yote ni manne, kwa hiyo wa kwanza anapata robo, yaani lita 5, na wa pili lita 15. Neno uwiano lenyewe linatokana na kitenzi wia, kudai, ambacho wazee wangali wakikitumia wanaposema "nawiwa", na wanaowiana ni watu wanaodaiana, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Hilo limekwisha. Lililonikosesha usingizi ni lile "mara tatu zaidi" ulilolipitisha katikati ya barua kana kwamba halina hatia. Lita 15 ni mara tatu ya lita 5, lakini zinazozidi ni lita 10 tu, nazo ni mara mbili ya zile 5. Anayesema "mara tatu zaidi" ananiamuru niziache lita 5 mahali pake, kisha nizidishie 15 juu yake, wa pili aondoke na lita 20 nzima huku wa kwanza akidai 5 zake. Dumu lako la lita 20, ndugu yangu, limezaa lita 25, na wakulima wa michikichi wakisikia habari hiyo watataka kujua umelinunua wapi.

Basi tufike sokoni. Tuseme sado ya dagaa iliyouzwa shilingi 10,000 sasa inauzwa 30,000. Bei imefika mara tatu ya ile ya awali, au imezidi kwa shilingi 20,000. Chagua mojawapo, usizichanganye. Neema ikirudi ziwani na sado ikarejea 10,000, atatokea mtu wa kutangaza kwamba bei imekuwa "mara tatu pungufu". Mara moja pungufu ya 30,000 tayari ni sifuri, dagaa wa bure. Mara mbili pungufu, muuzaji anakulipa 30,000 uwabebe. Mara tatu, anakulipa 60,000, na ningekuwa wa kwanza kupanga foleni pale mwaloni Kibirizi na magunia yangu. Kiswahili kina neno lililokamilika kwa jambo hili: bei imeshuka hadi theluthi. Hapo ndipo theluthi yako, msomaji, ilipokuwa ikisubiriwa.

Ugonjwa huu hushamiri hasa katika uwiano wa kinyume, ambapo kimoja kikipanda kingine hushuka. Mafundi wanne wakimaliza kazi kwa siku sita, wanane wenye bidii ileile wataimaliza kwa siku tatu. Watu wamekuwa mara mbili, na siku zimekuwa nusu. Sijui nusu imetukosea nini hata tuitupe na kuokota "mara mbili pungufu".

Sina ugomvi na zaidi yenyewe, ilimradi ikae kitini pake. Kina cha Ziwa Tanganyika hufika takriban mita 1,470, na cha Ziwa Victoria hakifiki 90. Kwa hiyo kina cha ziwa letu ni zaidi ya mara kumi na sita ya kile cha Victoria. Hapo zaidi imetangulia mara, nayo inasema tu kwamba hesabu imepita kumi na sita. Atakayeigeuza akasema "mara kumi na sita zaidi" nitamwachia, kwa kuwa nimechoka, na kwa kuwa katika kina kama hicho kosa la mara moja huzama bila kelele. Katika dumu la lita 20 halizami. Linaelea juu kama mawese.