Damu baada ya kukoma hedhi: hiyo mm 4 isikulaze usingizi

Hapana dada, miezi sita usisubiri!

Unasema mama ana miaka 61, ametoka damu mara mbili, ultrasaundi imesoma ukuta wa ndani wa kizazi una unene wa mm 4, mpimaji kasema kizazi kiko salama, na sasa unauliza kama msubiri miezi sita, bei ya kurudia na kama mlonge unasaidia. Niambie kwanza: alinyweshwa maji mpaka kibofu kikajaa? Basi amepimwa juu ya tumbo. Kinachotakiwa ni kile cha kupitia ukeni, ambacho mgonjwa anaenda kukojoa kabla.

Mama mdogo wangu alipita humo humo, na mimi ndiye niliyempeleka. Yule bwana wa kituo cha mtaani akapitisha kifaa tumboni, akasema ukuta mwembamba, homoni tu hizo, akamwandikia dozi ya PID, yaani maambukizi ya kizazi ambayo mara nyingi huletwa na ngono. PID, kwa mjane wa siku nyingi, mwanakwaya! Tulicheka, dawa tukanunua. Damu ikakata, tukamshukuru Mungu. Iliporudi, doa la ukubwa wa sarafu kwenye kanga, mama mdogo akanyamaza nalo: "Si mlisema nimepona?"

Daktari wa kinamama alipoishika ile karatasi yenye mhuri mzito akauliza ukuta ulionekanaje wakati fibroidi, ule uvimbe wa kizazi, imekaa mbele yake. Akaingiza kimrija chembamba, akavuta kinyama cha kupimwa maabara, mgonjwa akarudi nyumbani siku ile ile. Majibu: saratani, imeshaingia kwenye msuli. Kizazi kikatolewa, kisha mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Mtaalamu wetu wa homoni simu zangu hapokei hadi leo.

Hiyo mm 4 haikutungwa. Ukuta ukionekana wote, ukapimwa kwa ndani, usipozidi hapo saratani ni nadra, chini ya 1 kwa 100. Ila kuna saratani zinazoota ukuta ukiwa mwembamba vile vile, na utafiti wa Marekani wa 2024 kwa wanawake weusi ulionyesha kwamba ukitegemea unene peke yake kuna wagonjwa wa saratani wanaopita bila kugundulika. Damu ikirudi, kinyama kichukuliwe, karatasi iseme inavyosema. Mama yako imesharudi.

Mtajie daktari kisukari, presha, uzito, na kama aliwahi kumeza tamoxifen ya saratani ya titi. Picha za ultrasaundi beba zote, si ile karatasi ya majibu peke yake.