Mama akiruhusiwa, haipiti muda analazwa tena

SWALI: Mama yangu ana miaka 78, ana presha na magoti yanamsumbua. Miguu ilianza kuvimba, akaongezewa dawa ya kukojoa. Tangu hapo ana kizunguzungu, ameanguka na kulazwa tena na tena, na kila akiruhusiwa anatoka na dawa mpya. Tunaambiwa ni uzee. Ni kweli?
Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Pole sana, dada. Usikubali kuwa ni uzee kabla dawa zake hazijachunguzwa moja moja. Mimi ni mfamasia, na kilichonishtua ni huo uvimbe uliotangulia. Kama dawa yake ya presha ni amlodipini, yenyewe inaweza kuvimbisha miguu. Uvimbe wa aina hiyo hautokani na mwili kujaa maji, kwa hiyo dawa ya kukojoa kama furosemaidi haisaidii sana. Humpunguzia mama maji na chumvi anazozihitaji. Akisimama presha inashuka, kichwa kinazunguka, chini! Akiandikiwa na dawa ya kizunguzungu, zitakuwa mbili zinazotibu madhara ya moja.

Magoti nayo: mwulize kwa upole anameza nini yakimuuma. Wazee wengi hawahesabu diklofenaki au ibuprofeni ya kujinunulia kuwa ni dawa. Ikikutana na dawa ya kukojoa pamoja na dawa ya presha kama enalaprili au losartani, figo zinaweza kuumia haraka, hasa akiharisha.

Tia kila anachotumia katika mfuko mmoja, hata matone ya macho na dawa za mitishamba, uende nao kliniki. Soma jina la dawa lenyewe, lile la maandishi madogo chini ya jina la kibiashara. Nimeshamkuta bibi anameza amlodipini ya boksi la zamani asubuhi na ya boksi jipya jioni, akidhani ni dawa mbili tofauti. Omba mama apimwe presha akiwa amelala, kisha akisimama, pamoja na figo na potasiamu (aina ya chumvi iliyo kwenye damu). Kwa kila dawa uliza: ni ya nini, na ataitumia mpaka lini?

Usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Nyingine zikikatwa ghafla ni hatari. Lakini akichanganyikiwa ghafla, mkojo ukipungua sana, akipata choo cheusi kama lami, au akianguka na kugonga kichwa, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.