Seli zikiwaka, usikimbilie kuandika tasnifu

Juzi kijana mmoja wa Moshi kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimetia FluoZin-3 kwenye seli, zimewaka kijani balaa. Zinki ipo! Nianze kuandika?" Kaambatisha na picha. FluoZin-3 ni kitambuzi, rangi inayowaka kijani ikishika zinki. Picha nzuri, sikatai.

Marahaba. Usiandike bado.

Mimi hapa Arusha nilikuwa na picha kama hiyo. Msimamizi wangu akasema inatosha, tupeleke jaridani. Nikaomba tusubiri ninunue TPEN, kemikali ya kunyang'anya zinki. Akanicheka mbele ya wenzangu, eti najikagua mwenyewe kama polisi. Kicheko kile kinanikera hadi leo. Nikanunua kwa hela yangu, kichupa kikapanda basi kutoka Dar, nikakipokea stendi, nikaidondoshea seli zilezile chini ya hadubini. TPEN hupenya utando wa seli na kuikamata zinki kwa nguvu kuliko kitambuzi chenyewe. Kama mwanga ni wa zinki, lazima ufifie. Wangu ulififia, ila haukwisha. Uliobaki ni wa seli zenyewe, maana zina flavini, kemikali zake za asili, nazo huwaka kijani bila kutiwa chochote. Tukautoa kwenye hesabu. Mwezi uliopita makala imekubaliwa, na mkaguzi wa jarida aliuliza kwanza kabisa kama tulijaribu TPEN. Tulijaribu, bwana!

Mnaopima kalsiamu kwa kitambuzi kiitwacho Fura-2 msijione mko salama. Mwanakemia Roger Tsien na wenzake waliitangaza mwaka 1985, na uzuri wake ni kwamba unaimulika kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 340, kisha 380, unagawanya jibu la kwanza kwa la pili, na unene wa seli hausumbui sana. Lakini Fura-2 hushika zinki kwa nguvu kuliko inavyoshika kalsiamu. Kalsiamu ya ndani ya seli TPEN haiigusi kwa kiasi cha kuleta shida, kwa hiyo inakutenganishia hizo mbili.

Vijana, mnapenda picha mno. Mnataka kung'aa kabla ya seli zenu. Atakayekucheka leo ndiye atakayeweka jina lake kwenye makala kesho, tena la mwisho, mahali pa heshima. Mwache acheke, wewe fanya kipimo.

Sasa wewe wa Moshi: vyombo suuza kwa maji yaliyosafishwa maabara, ya bomba hapana, yana madini yake. Piga picha, weka TPEN, piga tena. Kwenye sahani nyingine weka zinki pamoja na pirithioni inayoiingiza ndani, uone kama mwanga unapanda. Mipangilio ya kamera usiiguse katikati. Ukimaliza nitumie zote, hata zile mbaya.