Bati la shaba halitaki mashine

Waalaikumu salaam, mwanangu. Umeuliza vipi ufanye pambo la ukutani la bati la shaba, nawe uko Wete na mashine ya kuchomelea huna. Huihitaji. Tafuta shaba nyekundu nyembamba, ya milimita 0.2 hivi. Kingo zake zipige tupa mwanzo, zinakata kama wembe. Ikiwa ngumu, ipashe moto wa makaa mpaka ianze kuwiva wekundu, kisha itose majini. Kisu ukikifanyia hivyo huzidi ugumu, shaba hulainika.

Ilaze juu ya mpira wa tairi kuukuu, uchore pambo lako kwa nyuma, tuseme kikonyo cha karafuu, na kalamu iliyokwisha wino. Usikandamize mara moja: pita mstari huo huo mara tatu nne, kikonyo kitajitokeza chenyewe mbele. Mimi la kwanza nililitoboa, pupa tu.

Kung'arisha ni ukwaju na chumvi. Osha, kausha vizuri, upake vanishi isiyo rangi, maana hewa ya bahari haichelewi kuitia weusi. Na uigongomelee misumari ya shaba. Ya chuma, ikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi, huliwa na kutu upesi, ukuta wote ukawa michirizi.