Batman Yupi Mkali? Maswali Yenu Kuhusu Mastelingi

Ndugu mhariri, kila tukikutana tunabishana nani Batman bora: Michael Keaton, Christian Bale au Robert Pattinson. Mwisho wa siku kila mtu anashikilia yule aliyemkuta utotoni. Kuna njia ya kuwalinganisha kwa haki?

Ipo, ila muache kushindanisha filamu nzima. Filamu nzima ina mwongozaji, muziki na adui wake, na vyote hivyo humbeba mwigizaji. Sifa nyingi anazopewa Bale kwa filamu ya 2008, The Dark Knight, ni jasho la Heath Ledger aliyecheza adui, Joker.

Shindanisheni matukio. Chagueni matatu kwa kila mwigizaji, dakika mbili au tatu kila moja: anapotokea mara ya kwanza akiwa ndani ya vazi, anapozungumza na mtumishi wake Alfred bila kinyago, na anapokuwa Bruce Wayne, yule tajiri aliye nyuma ya kinyago, mbele za watu. Kwanza tazameni sauti ikiwa imezimwa, macho yenu yawe kwenye shingo na mabega. Kisha rudieni kwa kusikiliza tu, mmeipa skrini mgongo.

Shingo nimeitaja kwa sababu. Kinyago cha Keaton cha 1989 kilikuwa cha mpira mzito ulioshikana na mabega, hivyo hakuweza kugeuza kichwa peke yake. Akitaka kutazama pembeni aligeuka kiwiliwili kizima. Kero hiyo akaifanya mtindo: anasimama tuli, anazungumza kidogo, kazi yote anaiachia macho. Mtazameni pale juu ya paa anapomnyanyua mwizi na kujitambulisha kwa jina. Mwili haufanyi lolote la maana, lakini mwizi ameshakwisha.

Bale naye mwaka 2005 alikuwa na shingo ngumu vilevile. Mwaka 2008 kinyago kilitenganishwa na vazi, na ndani ya hadithi yenyewe Bruce anamwomba Lucius Fox, mtengenezaji wa vifaa vyake, vazi litakalomwezesha kugeuza kichwa. Kwa hiyo anayesema Bale alijifunza kupigana kati ya filamu hizo mbili anampa mwigizaji sifa za mshonaji. Isitoshe, mapigano ya 2005 yalipigwa picha kwa karibu mno na kukatwakatwa, huoni ngumi inatoka wapi.

Pattinson, 2022, ndiye mnayemwonea zaidi. Batman wake yuko mwaka wa pili tu wa kazi, na muda mwingi yuko ndani ya kinyago. Akikivua, wanja mweusi bado umemzunguka macho na nywele zimemwangukia usoni. Bruce wa kutamba kwenye sherehe hayumo. Mkimpima kwa hilo mnamsahihishia mtihani ambao hakuufanya.

Mkinibana, nitasema hivi: kwa Bruce Wayne, Bale hana mpinzani, maana anacheza watu watatu, yaani tajiri mpuuzi wa hadharani, kijana mwenye majonzi nyumbani, na Batman. Kwa macho ndani ya kinyago, ni Keaton.

Ile sauti ya kukwaruza ya Bale ni yake kweli?

Ni yake, ingawa mwaka 2008 mafundi wa sauti waliiongezea uzito baada ya picha kupigwa. Kwenye sentensi fupi inatisha. Tatizo ni hotuba ndefu: sikiliza mwisho wa filamu hiyo anapozungumza na Gordon, yule polisi rafiki yake, pumzi inaisha kabla ya maneno na ukali unageuka kichekesho. Ben Affleck mwaka 2016 alikwepa mtego huo, kwa kuwa ndani ya hadithi ni kifaa kinachobadilisha sauti yake, naye anasema kama kawaida. Keaton aliishusha tu na kuipunguza. Tahadhari: kama nakala yenu imeingizwa sauti ya lugha nyingine, kipengele hiki kiondoeni kwenye ubishi.

Dada yangu anasema Tobey Maguire ni Peter Parker bora, yaani Spider-Man akiwa bila kinyago, lakini Andrew Garfield ni Spider-Man bora. Nami nasema Tom Holland anawashinda wote. Nani kapatia?

Dada ana hoja. Lakini kumbukeni kinyago cha Spider-Man hufunika uso wote, na mara nyingi anayeruka ni mtu wa sarakasi au ni kazi ya kompyuta. Kilicho cha mwigizaji mwenyewe ni sauti, mikono, na uso pale kinyago kinapotoka.

Ndiyo maana tukio la treni la 2004 ni mizani nzuri kwa Maguire: kinyago hakipo, na unaona jitihada usoni, mishipa na meno. Kwa Garfield chukueni 2012, anapomdhihaki mwizi wa gari. Maneno hayaishi na mwili mwembamba hautulii. Kwa Holland, chukueni 2017 akiwa amefukiwa na kifusi. Anaanza kwa kuita msaada, na sauti inavunjika inakuwa ya mtoto hasa. Hapo namuunga mkono msomaji. Holland pia alitokea kwenye jukwaa la dansi London kabla ya sinema, na mwendo wake unaonyesha.

Mkitaka kumaliza ubishi, wekeni filamu ya 2021, Spider-Man: No Way Home, ambamo wote watatu wanasimama pamoja chini ya mwongozaji mmoja. Huko hakuna wa kusingizia taa wala mswada.

Kati ya waigizaji wa Superman, nianze na nani?

Christopher Reeve, 1978. Tafuta Clark, yaani Superman akijifanya mtu wa kawaida, akiwa nyumbani kwa mwandishi mwenzake Lois, naye Lois hamtazami. Reeve anavua miwani, ananyoosha mgongo, mabega yanafunguka na sauti inashuka. Ghafla amekuwa mrefu zaidi ndani ya suti ileile. Kisha anaghairi, anarudisha miwani na kunywea tena. Mpe kila Superman mwingine kipimo hicho: je, ningewadhania watu wawili?

Na Hulk je?

Kwenye tamthilia ya miaka ya 1970 walikuwa wawili kweli: Bill Bixby alicheza binadamu, Lou Ferrigno akapakwa kijani kucheza Hulk, jitu analogeuka binadamu huyo akikasirika. Eric Bana, 2003, na Edward Norton, 2008, walinganisheni kwa upande wa Banner tu, yaani yule binadamu, kwani lile jitu lilikuwa la kompyuta. Kuanzia 2012 Mark Ruffalo alivalishwa vifaa vya kunasa mwendo, hivyo yeye mnaweza kumpima pande zote mbili.