Uzamivu katika uongozi wa elimu: je, lazima kukaa darasani?

Mwalimu mmoja mwenye uzamili wa Kiswahili ameuliza kama ni lazima akae darasani ili apate uzamivu (PhD) katika uongozi wa elimu. Si lazima, mwalimu. Vyuo vikuu vyetu hutoa shahada ya uzamivu katika uongozi na utawala wa elimu kwa njia mbili: tasnifu pekee, au masomo ya darasani yanayofuatiwa na tasnifu fupi kidogo, na zote mbili hukufikisha ngazi ya 10, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika mfumo wa tuzo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa mwenye uzamili wa fani nyingine, kama huo wako wa Kiswahili, ningeshauri njia ya darasani, kwa kuwa nadharia za uongozi na uchumi wa elimu ni vigumu kuziokota njiani huku ukiandika.

Nasema hivi kwa kuwa nimeipita njia ya tasnifu hapa Dodoma nikiwa bado mtumishi. Kilichonichelewesha hakikuwa kuandika, bali vibali vya kukusanya data shuleni: barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo mkuu wa shule akufungulie mlango. Katika halmashauri moja nilikaa benchini siku nne kwa sababu barua yangu ilitaja wilaya bila kuorodhesha shule. Ziorodheshe zote tangu mwanzo, hata zile za akiba.

Ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri nayo iombwe mapema, kwa maandishi, kabla hujalipa ada yoyote.