Jibu: Mkaguzi wa dharura kwenye kinu cha nyuklia anakagua nini?

Mdogo wangu, umeuliza kama mkaguzi wa maandalizi ya dharura kwenye kinu cha umeme wa nyuklia anasoma tu makabrasha ya mpango, kisha anasaini. Hapana. Nimefurahi umeuliza, maana hapa Dodoma mazungumzo ya urani ya Bahi na Manyoni huishia mgodini.

Kiini cha ukaguzi ni zoezi, yaani igizo la dharura. Kule Marekani kila kinu hufanya zoezi kubwa kila baada ya miaka 2. Wakaguzi wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia huangalia ndani ya uzio, na FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, huwapima viongozi wa jimbo na wilaya walio nje. Dharura ikishatangazwa, zamu iliyopo kinuni ina dakika 15 tu kuwajulisha wenye mamlaka wa nje. Mkaguzi anakaa pembeni, anaandika nani kapiga simu, saa ngapi, kasema nini. Baadaye anasikiliza kikao chao cha tathmini: je, wenyewe wameziona kasoro zao? Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu timu isiyoziona kwenye zoezi haitaziona siku ya tukio lenyewe.

Vingine vinavyokaguliwa ni ving'ora, vipima mionzi, njia za kuhamisha watu walio ndani ya kilomita 16 hivi, na vidonge vya iodini panapogawiwa. Vidonge hivyo hulinda tezi ya shingo peke yake, si mwili mzima!

Ukitaka mfano wa Afrika, soma kuhusu kinu cha Koeberg, Afrika Kusini, kinachozalisha umeme tangu 1984.